Nimemtajia mke wangu nusu ya bei. Je, gofu ya jangwani inastahili dola 425?

Dada, salamu nyingi kutoka kwenye theluji.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na huu ni mwaka wa kumi na saba niko Minnesota. Nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Na mke wangu tunaelewana, watoto wawili wako sekondari, deni la gari tumelimaliza mwaka jana. Nakueleza haya usije ukadhani nakuandikia nikiwa kwenye dhiki.

Gofu niliijua kwa bega kabla ya kuijua kwa mikono. Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji, kila Jumamosi na Jumapili, kwenye uwanja wa mashimo tisa ulio juu ya bahari, pale meli zinapopita kuingia Kilindini karibu hata unaziona nguo za mabaharia zimeanikwa. Nilijua kaskazi inaupeleka mpira wapi na kusi inaurudisha vipi, nami sijawahi kumiliki mpira hata mmoja. Uwanja ukiwa mtupu, makedi wanne tulicheza kwa fimbo moja ya chuma, namba saba, tukipokezana.

Huku nacheza miezi ya joto tu, viwanja vya manispaa, dola 40 hivi. Mfuko naubeba mwenyewe. Wenzangu hunicheka kwa sababu wao wako kwenye vigari, lakini mimi bila kutembea sioni kama nimecheza. Handikapu yangu, ile namba inayopanda kadiri mchezaji anavyokuwa dhaifu, ni 19.

Sasa, mwezi wa Machi natimiza miaka 50. Wenzangu watatu wamepanga twende Arizona siku nne. Siku mbili ni viwanja vya kawaida, sina neno. Lakini Jumamosi wamechagua uwanja mmoja wenye jina, kaskazini mwa Scottsdale. Wamenitumia picha: nyasi kijani kama kitambaa cha Idi, mawe mekundu makubwa kuliko nyumba, na ile midungusi mirefu yenye mikono. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, dola 425 kwa kichwa, kigari kimo ndani ya bei. Unalipa kabla, na ukighairi hurudishiwi.

Dada, dola 425 ni kama shilingi 55,000 za Kenya. Mama yangu yuko Kisauni na bati la jikoni kwake linavuja. Najua hesabu ya namna hii haina mwisho, ukiifuata hutakunywa hata soda. Lakini imenikaa.

Wifi yako si mtu wa ugomvi. Aliponiuliza hiyo raundi kubwa ni pesa ngapi, ulimi ukateleza, nikasema, “Mia mbili hivi.” Akajibu sawa, miaka hamsini haiji mara mbili.

Wenzangu wanataka jibu kabla ya Jumapili. Wewe umewahi kuishi kule. Niambie ukweli: ni uwanja, au ni picha?

Kedi Mstaafu, Minnesota

JIBU

Kaka yangu Kedi, hongera kwa hamsini inayokuja.

Nianze na unalolisubiri: uwanja huo, kwa bei hiyo na saa hiyo, kwako wewe hapana. Sisemi ni utapeli. Uwanja upo, mawe yapo, na picha waliyokutumia haijapakwa rangi. Ila umeniandikia barua ya mtu anayependa gofu ya aina moja, na wenzako wanakupeleka kulipia ya aina nyingine.

Niliishi Mesa miaka sita, upande wa pili wa Phoenix, jiji kubwa ambalo Scottsdale imepakana nalo. Mara moja nilialikwa kwenye uwanja wa jangwani wa bei kama hiyo, tena kwa pesa za watu. Nilipoteza mipira kumi na moja. Mmoja niliuona umenasa kwenye shina la saguaro, ile midungusi mirefu ya kwenye picha yako, juu ya kichwa changu, umezama kama jicho. Ninachokikumbuka zaidi siku ile ni milima ilivyogeuka ya waridi jua lilipokuwa linazama, na vivuli vya saguaro vikarefuka hadi vikavuka barabara. Hilo nililiona nikiwa kwenye maegesho ya magari, navua viatu.

Tuanze na bei, maana haikutoka hewani. Sehemu kubwa ya hizo 425 unalipia Machi. Ninyi wa Minnesota, na Wakanada, mko chini ya theluji. Kule ni sweta asubuhi na shati mchana. Kila mwenye fimbo anataka saa tatu ya Jumamosi, na viwanja hupandisha na kushusha bei kwa siku na kwa saa kama tikiti za ndege. Mpira huohuo, shimo hilohilo, mwezi wa Julai utalipia sehemu ndogo tu ya pesa hizo, kwa sababu Julai hakuna anayeutaka. Julai ya 2023 Phoenix ilifikisha nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Mimi Julai nilikuwa natoka nje kumwaga takataka na kurudi.

Sehemu nyingine ni nyasi. Kijani ulichokiona si nyasi ya pale. Nyasi ya kiangazi kule ni bermuda, na baridi ikija inalala, inakuwa rangi ya mkeka mkuukuu. Kwa hiyo kila mwaka, karibu na Oktoba, uwanja unafungwa wiki kadhaa, wanaikata bermuda chini kabisa, wanamwaga mbegu za nyasi nyingine inayovumilia baridi, wanaimwagilia usiku na mchana mpaka iote. Mwezi wa Mei joto linaiua, bermuda inaamka, mzunguko unaanza upya. Yaani wanalima mara mbili kwa mwaka mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Wewe wa Mombasa umezoea zaidi ya milimita 1,000, na huko hakuna aliyekutoza kwa kuiangalia.

Na maji yenyewe yana sheria. Tangu mwaka 1980 Arizona ina sheria ya maji ya ardhini, na kanuni zilizofuata zikabana viwanja vipya: cha mashimo 18 katika eneo la Phoenix hupangiwa maji ya kutosha ekari 90 hivi za nyasi. Ndiyo maana havifanani na vyako vya Minnesota, ambako ukikosea kulia unaangukia nyasi na ukikosea kushoto unaangukia nyasi. Kule nyasi ni visiwa. Kisiwa cha kupigia, halafu mawe na miiba, kisiwa cha kutulia, miiba tena, kisiwa chenye bendera. Watu wengi waliuona mtindo huu kwa mara ya kwanza kwenye televisheni mwaka 1983, pale magwiji wa gofu Jack Nicklaus, Arnold Palmer, Gary Player na Tom Watson waliposhindania pesa taslimu kwenye uwanja wa Desert Highlands huko Scottsdale, ambao Nicklaus mwenyewe aliuchora. Ukiangalia kwenye kochi ni tamasha kabisa.

Sasa mweke hapo mtu wa handikapu 19. Mpira wako ukitoka kidogo tu, umekwenda. Kanuni za gofu tangu 2019 zinaruhusu uwanja kulihesabu jangwa kama eneo la adhabu, kwa hiyo mara nyingi unaongeza mkwaju mmoja, unadondosha mpira mwingine, unaendelea. Usiingie kuutafuta. Machi nyoka wenye njuga mkiani nao wanatoka kuota jua, na wao hawajalipa chochote. Lakini fikiria raundi ya namna hiyo: piga, adhabu, dondosha, piga, adhabu. Saa tano zinakwisha hivyo. Mchezaji wa handikapu 6 anaweza kusema uwanja umempima. Wewe utakuwa umegawa mipira.

Yote hayo bado si sababu yangu kubwa. Sababu yangu ni kigari.

Umeandika kwamba bila kutembea huoni kama umecheza. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Viwanja vingi vya aina ya huo wa kaskazini vimechorwa kwa ajili ya vigari tangu kwenye karatasi. Mchoraji alitafuta mahali pazuri pa kuweka kila shimo, juu ya jabali hili, chini ya korongo lile, akayaunganisha kwa njia ya saruji. Kutoka grini moja, ile nyasi fupi yenye shimo na bendera, hadi pa kupigia panapofuata unaweza kwenda mita mia kadhaa, mara nyingine unapita nyuma ya majumba ya watu wenye mabwawa ya kuogelea. Hakuna mtu anayetembea, na sehemu nyingi hawaruhusu. Hizo 425 hazikununulii mchezo wako wewe. Zinakununulia saa tano za kuketi pembeni ya dereva, mnasimama, unashuka, unapiga, unapanda, huku skrini ndogo ikikuambia umebakiza yadi ngapi. Wewe uliyekuwa unazihesabu kwa hatua zako, na kumnong’oneza bwana mkubwa, “Chuma namba sita, upepo umegeuka.”

Kwa hiyo ukiniuliza Jumamosi uende wapi, nina majibu mawili, na la kwanza si la bei rahisi.

Mashariki ya Scottsdale kuna ardhi ya watu wa Yavapai, Fort McDowell. Kwa miaka serikali ilitaka kujenga bwawa liitwalo Orme ambalo lingezamisha sehemu kubwa ya ardhi yao, na jamii ile ndogo ikakataa, ikaandamana kwa miguu hadi Phoenix, mpaka mwaka 1981 mpango ukaachwa. Leo kabila hilo linamiliki hapo viwanja viwili vya gofu, We-Ko-Pa. Cha pili kati yake kinaitwa Saguaro, kilifunguliwa mwishoni mwa 2006, kimechorwa na Bill Coore na Ben Crenshaw, na hao wawili wana ugonjwa kama wako: wanapenda mtu atembee. Grini na pa kupigia vimekaribiana, njia za nyasi ni pana kuliko unavyotegemea jangwani, na hakuna nyumba hata moja pembeni. Pande zote ni jangwa na milima. Bei ya Jumamosi ya Machi asubuhi haitakuchekesha pia, inaweza kukaribia hiyo mliyopangiwa. Lakini ulizia saa za alasiri, ambazo kwa kawaida hushuka. Arizona hawasogezi saa zao, kwa hiyo katikati ya Machi jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Ukianza saa nane mchana na huna mtu wa kukuchelewesha mbele yako, unaweza kumaliza zote. Ukikosa mashimo mawili ya mwisho utakuwa umepata milima ya waridi badala yake, na ukiwa uwanjani, si kwenye maegesho kama mimi. Piga simu uthibitishe kwamba siku hiyo kutembea kunaruhusiwa. Usitegemee neno langu wala la tovuti.

Jibu la pili ni Papago. Ni uwanja wa manispaa ya Phoenix, umefunguliwa 1963, katikati ya mji kabisa, chini ya vilima vyekundu ambavyo ukiviona utadhani vimeumbwa kwa udongo wa kufinyangia. Kwa mgeni Machi si dola 40, usije ukashtuka, lakini iko chini sana ya 425. Unatembea, unabeba mfuko wako, nyasi ni za kutosha pande zote. Mimi nilikuwa napenda kuanza peke yangu asubuhi, kisha wanaunganishwa watu watatu nisiowajua, mmoja wao lazima awe mzee mstaafu anayesimulia magoti yake.

Najua mmoja wa wenzako atasema, kama si huo basi twende TPC Scottsdale, uwanja wa mashindano makubwa, kwenye lile shimo la kumi na sita tunaloliona kwenye televisheni. Mtulize. Wiki ya mashindano ya Februari shimo lile linazungukwa na majukwaa ya watu kama 20,000 wakipiga kelele. Tiger Woods aliuingiza mpira pale kwa mkwaju mmoja mwaka 1997 na makopo ya bia yakaruka hewani. Machi utakuta mafundi wanavunja vyuma. Shimo lenyewe bila watu ni fupi na la kawaida, na bei haijui kwamba watu wameondoka.

Kuhusu bati la mama. Sitaki kulitumia kukupiga nalo. Mtu anayefanya kazi ya usiku miaka kumi na saba ana haki ya kufurahi siku moja bila kugeuza kila dola kuwa shilingi, na wewe mwenyewe umeshasema hesabu ile haina mwisho. Lirekebishe bati kwa sababu linavuja, mvua za Aprili hazijali umecheza wapi. Hayo ni mambo mawili, yatenganishe.

Lililobaki hukuniuliza, lakini umeliandika, kwa hiyo nalijibu. “Mia mbili hivi.” Kaka, hiyo “hivi” yako imebeba dola 225. Wifi yangu alikuuliza bei, na moyo wako ukaikata katikati kabla hujafungua mdomo. Umenitumia barua ndefu ukitaka nikuambie kama uwanja unastahili, na ulimi wako ulishajibu siku ile jikoni: uliona aibu kuitamka. Kitu ambacho ungekilipia kwa moyo mmoja ungekitaja chote. Na ona alivyokujibu, kwa upole kabisa, kwa bei ambayo haipo. Ruhusa aliyokupa ni ya uwanja mwingine. Kadi ya benki ikija kusomwa mwisho wa mwezi, hatakasirikia gofu.

Wenzako waambie leo, usingoje Jumapili. Sherehe ni yako, una haki ya kuchagua pa kusherehekea. Waambie miaka hamsini ulitaka kuimaliza kwa miguu, na kwamba yeyote anayetaka kutembea nawe alasiri anakaribishwa. Kama wawili wanautaka sana ule wa kaskazini, waende asubuhi, mkutane jioni mle pamoja. Urafiki wa watu wazima unastahimili kutengana saa tano.

Na kama wifi yangu, akishasikia 425 kamili pamoja na bahashishi ya vijana wa mifuko, atasema bado nenda huko kwenye picha, basi nenda, mimi ni nani. Ila cheza kutoka alama za kuanzia za mbele, usione haya, kwa sababu za nyuma zinakutaka uvuke mita 150 za miiba kwa mkwaju wa kwanza, asubuhi, ukiwa hujachangamka. Chukua mipira ya zamani, ile uliyookota mwenyewe. Maji mengi kuliko unavyodhani, hewa ile inakukausha bila kukutoa jasho.

Na popote utakapocheza kule, weka kitana ndani ya mfuko wa fimbo, cha meno mapana. Kuna mdungusi mdogo uitwao cholla. Ukiugusa tu kwa soksi, kipande kizima kinakung’ang’ania, na ukikishika kwa mkono kinahamia mkononi. Wenyeji hukichomeka kitana chini yake na kukirusha mbali. Huko kwako najua huna kitana cha aina hiyo, muombe wifi yangu. Atakuuliza cha nini na unakipeleka wapi. Hapo ndipo utamtajia bei.